Uchawi uliopigwa marufuku: maana yake katika riwaya za fantasia za vijana

Mwambie mtu mzima wa Tanga au Malindi kwamba unasoma riwaya kuhusu uchawi uliokatazwa, atakuuliza: kwani upo ulioruhusiwa? Swali lake ni la haki. Katika Kiswahili, neno uchawi limebeba hukumu tumboni. Mchawi ni mtu anayedhuru wenzake kwa siri, usiku, kwa husuda. Hajiiti hivyo mwenyewe. Ni jina la kupewa, na ukishapewa hulali salama. Ndiyo maana "uchawi uliokatazwa" linasikika kama "wizi usio halali".

Lakini dhana yenyewe ipo, tena imebeba rafu nzima za vitabu vya vijana, vile vinavyoandikwa kwa wasomaji wa sekondari na wahusika wa rika lao. Maana yake ni hii: ni nguvu isiyo ya kawaida ambayo ndani ya ulimwengu wa riwaya ni ya kweli na kila mtu anajua kwamba inafanya kazi, ila dola imeamua kuwa nayo ni kosa. Kujifunza ni kosa. Wakati mwingine hata kuitaja ni kosa.

Tia mkazo kwenye neno dola, kwa sababu marufuku si mwiko. Mwiko unatoka kwa wazee na husemekana unakukinga wewe mwenyewe: usipige mluzi usiku, usifagie nje giza likiingia. Ukivunja mwiko, balaa hukufuata yenyewe. Ukivunja marufuku, anayekufuata ni askari. Na nyuma ya askari kuna mtu anayenufaika, ambaye riwaya nzima ni safari ya kumjua.

Chukua tukio la kawaida kabisa katika hadithi za aina hii. Msichana wa miaka kumi na mitatu anaosha vyombo uani. Anachota maji kwa kata, mawazo yako kwingine, mara anaona maji hayamwagiki: yamesimama juu ya kata kama mkia wa paka. Mwandishi asiyekomaa atang'ang'ania hapo kwenye maji, ayarembe kwa rangi na mwanga. Anayeijua kazi yake atamfanya msichana autazame mlango kwanza. Nani ameona? Kisha mama anatoka jikoni. Hapigi kelele wala hashangai. Anampokonya kata, anamwaga yale maji, anamwambia, "Ficha mikono yako, ingia ndani." Basi. Bila kuelezwa neno tumeshajua kwamba kuna sheria, kwamba mama alikuwa akiingoja siku hii kwa hofu, na kwamba pengine naye aliwahi kuwa na mikono ya namna hiyo.

Umri wa mhusika haukuokotwa njiani. Nguvu hizi huzuka mtoto anapobalehe, wakati ambao mwili unaanza kufanya mambo bila kuomba ruhusa na wakubwa wanaanza kunong'ona. Msomaji wa umri huo hahitaji kufundishwa kuficha; anayo tayari orodha yake ya vitu anavyovificha. Kwake, mkono unaotoa moto si jambo la ajabu sana. Cha ajabu ni kukutana na kitabu kinachomwambia kwamba kile kitu kilichomfanya aone aibu, kuna wafalme wanakiogopa.

Wanakiogopa kwa sababu gani? Hapa riwaya inaachana njia na sheria tunazozijua. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1735 iliacha kumwadhibu mtu kwa kuwa mchawi, ikaanza kumwadhibu kwa kujidai ana nguvu hizo. Machoni pa mahakama, huo ulikuwa utapeli. Sheria za kikoloni za kwetu, ya Kenya ya 1925 na ya Tanganyika ya 1928, zilikuja na roho hiyohiyo na zikarithiwa na serikali huru. Katika ile ya Tanganyika, tafsiri ya uchawi inakusanya ulozi, kuroga, kutumia vifaa vya kichawi na kujidai kuwa na nguvu za siri, vyote kapu moja. Ukilitazama vizuri kapu hilo utamkuta mganga humo ndani pamoja na hirizi zake, kakaa bega kwa bega na mlozi anayedai kupambana naye. Lugha yetu ilikuwa na vyumba vingi: mganga, mchawi, mpiga ramli, mtabiri, mtambikaji. Sheria ikaingia na ufunguo mmoja.

Mfalme wa riwayani hafanani na hakimu huyo. Yeye hakatazi kwa sababu ni uongo. Anakataza kwa sababu ni kweli. Ila kwenye ule ufunguo mmoja wamekutana. Hatua yake ya kwanza ni kuchukua watu wa aina mbalimbali, waponyaji, wavuvi wanaoongea na mawimbi, bibi anayeota mambo ya kesho, na kuwapa wote jina moja baya. Jina likishaenea mitaani, kazi ya upanga inakuwa rahisi.

Namna ya kukataza nayo hutofautiana. Kuna dola inayoua mbegu, yaani inasaka watoto kabla nguvu hazijachipua. Kuna inayosahaulisha: vitabu vinachomwa, nyimbo zinabadilishwa maneno, na kizazi cha tatu hakijui hata kwamba kiliwahi kunyang'anywa kitu. Mimi naipenda zaidi ile ya tatu, ya kibali. Mtaani ni marufuku, lakini ndani ya kasri, nyuma ya mlango wenye walinzi wawili, mfalme ana mtaalamu wake anayefanya yaleyale ambayo mjane wa sokoni alinyongewa. Hadithi ikifungua mlango huo vizuri, uasi hauhitaji hotuba.

Mfano wa kisasa unaostahili kutajwa ni Children of Blood and Bone, riwaya ya Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, iliyotoka 2018. Nchi yake ya kubuni imeegemea mila za Kiyoruba, na maneno ya kuamsha nguvu ni ya Kiyoruba. Mfalme Saran amewaua watu wazima wote wenye nguvu katika usiku mmoja wa uvamizi, akawabakiza watoto, kwa kuwa nguvu huja mtu akifika miaka kumi na mitatu. Miaka kumi na mmoja baadaye watoto hao wamekua, na nywele nyeupe za kuzaliwa zinawatangaza kabla hawajafungua kinywa. Wanatozwa kodi kuliko wengine, na asiyeweza kulipa anapelekwa kazi za kulazimishwa. Angalia mahali mwandishi alipoweka uzito. Shujaa, Zélie, hatuonyeshwi kwanza akirusha radi. Tunaona jinsi kodi inavyombana baba yake.

Kuna kichekesho humo kwa msomaji wetu. Wenye nguvu katika kitabu hicho wanaitwa "maji". Mpwa wangu alinijia na kitabu mkononi akauliza kwa nini mfalme anapigana na maji, hana visima? Nikacheka, halafu kicheko kikanikauka, maana kwa historia yetu kuna dola iliyopigana na maji kwelikweli.

Julai 1905, katika milima ya Matumbi, kusini mwa Tanganyika, watu wa Nandete waling'oa mapamba waliyolazimishwa kuyalima chini ya Wajerumani. Huko Ngarambe, mganga Kinjikitile Ngwale alikuwa amekwisha kugawa dawa yake, maji, ambayo ilisemwa kwamba yangegeuza risasi za wakoloni kuwa maji. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, vita ya Majimaji ikiwa ndiyo kwanza inashika moto, na haikuzimika kabisa hadi 1907. Makadirio ya waliokufa, wengi kwa njaa baada ya ghala na mashamba kuchomwa, yanaanzia 75,000 na kupanda hadi 300,000. Kaskazini zaidi, mwaka 1913, Mekatilili wa Menza aliwaunganisha Wagiriama wa pwani ya Kenya kwa viapo, cha wanawake na cha wanaume. Jibu la Waingereza mwaka uliofuata lilikuwa kuilipua Kaya Fungo, mahali pao patakatifu, kwa baruti. Serikali haimalizi baruti yake kwa kitu inachokiona ni upuuzi. Hata isiyoamini dawa ilijua vizuri sana nguvu ya watu elfu moja waliokunywa dawa moja.

Hapo ndipo pa kuelewa uchawi unafanya kazi gani ndani ya hadithi ya uasi. Kazi yake kubwa si kuua adui. Ni kuwafanya Wamatumbi, Wangindo, Wangoni na wengine, ambao jana walikuwa kila mmoja na lake, waitane ndugu. Ebrahim Hussein aliliona hilo katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya 1969, ambayo wengi wetu tuliisoma darasani tukiwaza mtihani tu. Mwishoni shujaa wake anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, ingawa anajua yaliyowapata walioyaamini. Neno lilikwisha kumtoka na kuwa kubwa kuliko yeye.

Riwaya ya fantasia inachukua swali lilelile na kuligeuza upande: je, kama maji yangefanya kazi? Risasi ingetua kifuani ikachuruzika kama umande. Hilo ndilo linalomkosesha kijana usingizi saa nane za usiku, na simlaumu. Lakini swali hilo lina mkia. Kama nguvu inafanya kazi kweli, siku waasi wakishinda nani atawazuia wao? Waandishi wengi hulisogeza hadi kitabu cha pili. Adeyemi alifanya hivyo: nguvu zinaporudi katika kitabu chake cha mwaka 2019, zinawazukia pia watu wa tabaka la juu, na malkia anageuka silaha ya kutisha kuliko jeshi lake. Malkia huyo anaitwa Nehanda, jina ambalo Zimbabwe ni la mzimu mkuu wa Washona, ambao Waingereza walimnyonga mwanamke aliyekuwa kiti chake, yaani aliyepandwa nao, mwaka 1898. Sijui nicheke au ninune kuona jina hilo limevishwa taji la dhuluma.

Ndiyo maana kitabu kizuri cha aina hii huipa nguvu gharama. Anayeponya anabaki na homa ya mgonjwa. Anayeita moto anasahau jina la mtu aliyempenda. Bila gharama, uasi unakuwa mchezo wa kubonyeza kitufe, na mfalme angeanguka ukurasa wa hamsini. Udhaifu mwingine ninaokutana nao kila mara ni mteule: mtoto mmoja aliyetabiriwa, huku wenzake mia wakimbebea mizigo. Uasi wa kweli haukuwa hivyo. Kinjikitile alinyongwa mwanzoni kabisa, na vita ikaendelea miaka miwili bila yeye.

Na kitu kinachokatazwa si lazima kiwe cha miujiza. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, nchi nzima inaelea angani, ajabu tosha kwa fantasia yoyote. Lakini kosa la Karama, mshtakiwa anayesimama mbele ya mfalme, ni kutaka kuwafundisha watu sheria. Elimu ya sheria ndiyo uchawi uliokatazwa wa Kusadikika. Ukiirudia leo baada ya kusoma hizi riwaya za wakati huu utaona mifupa ni ileile: nguvu moja, mtu mmoja anayeithubutu, na waziri mwenye wivu anayeiita hatari.

Limebaki suala la jina, linalowasumbua wanaotafsiri na wanaojaribu kuandika hadithi zao wenyewe. Mazingaombwe na kiinimacho havifai, hivyo ni vya jukwaani, vya kumtoa sungura kofiani. Sihiri ina ladha ya Kiarabu na ya vitabu vya dini, inafaa hadithi ya majini na miji ya pwani, lakini mtu wa bara haimkai mdomoni. Uganga ni wa kuponya na kuagua. Ukimpa shujaa anayevunja kuta, unapwaya. Wengine wameamua kuandika "nguvu" tu, au kubuni neno jipya la nchi yao ya kubuni, na naona hao wamepatia.

Uchawi nao usitupwe. Una mahali pake: mdomoni mwa askari. Yule mama wa uani hakulitumia hata mara moja. Alisema "mikono yako". Neno lenyewe litaingia jioni, mlango ukigongwa, na litakalofika kwanza ni buti.