Majani ya mdalasini usiyachome

Mvua zikishika huku Amani, milima ya Usambara Mashariki, wakulima hubandua magome ya mdalasini, kwa sababu ndipo gome linapoachia mti bila kung'ang'ania. Gome huanikwa, likateremshwa sokoni Muheza. Majani hurundikwa pembeni, mara nyingi yakachomwa moto. Hilo linaniuma. Kazi yangu ni kukeneka mafuta, yaani kuyatoa kwenye majani kwa mvuke, na rundo lile ni mali.

Chukua jani bichi ulifikiche, kisha ulinuse. Utadhani umeshika karafuu, na pua haijakudanganya. Gome lina sinamaldehaidi, yenye ile harufu tuijuayo kwenye chai na pilau. Jani limejaa eujenoli, ileile iliyomo ndani ya karafuu. Mti ni mmoja, mafuta ni mawili. Tena mdalasini haupukutishi majani kiangazi, na ukikatwa huchipua upya shinani.

Majani nayaacha yanyauke kivulini siku chache, kisha nayapakia ndani ya pipa, juu ya wavu, maji yakichemka chini yake. Mvuke hupanda na mafuta, hupita kwenye bomba lililozamishwa katika maji baridi, hudondokea chomboni. Hapo ndipo wanaoanza hupata hasara. Wamezoea mafuta ya mkaratusi yanayoelea, basi huengua juu na kumwaga kilichobaki. Mafuta ya mdalasini ni mazito kuliko maji, yanazama! Tazama chini ya chombo. Kilo 100 za majani makavu hutoa karibu kilo 1 tu, kwa hiyo kila tone lina thamani.

Mafuta haya ya majani hutumika kwenye sabuni na manukato. Eujenoli yenyewe madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Kwa kuchua mwili, tone moja katika kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi linatosha. Usiyanywe, usimpake mtoto, na mafuta ya gome usiyaguse kabisa kwa ngozi, yanaunguza. Yahifadhi kwenye chupa ya kioo cheusi. Kikombe changu cha plastiki kiliwahi kulainika kwa sababu yake.

Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, ukichukua majani yote, shamba langu litakula nini?" Nilimwahidi makapi ya majani, na kila nikimaliza kukeneka namrudishia kwa magunia, tunayatandaza pamoja chini ya midalasini.