Je, wajua kwa nini injini ya Prado ya 2001 hugoma ndani ya Prado ya 1997?

Jirani yangu wa Mikindani ana Prado ya 1997. Silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, ilimpasukia akipanda Mazeras, gari likavutwa kwa kamba hadi nyumbani, na wiki ya pili yake akateremsha injini kutoka kwa pikapu: ya Prado ya 2001. Bodi ni ile ile, akasema, lita tatu ni zile zile, dizeli kwa dizeli. Fundi akaizunguka mara moja, akapangusa mikono, akauliza, "Na waya zake ziko wapi, mzee?"

Hazikuwako. Muuzaji alikuwa amezikata na mkasi.

Makosa ya jirani yanaeleweka. Prado za kizazi hicho, zilizotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2002, ukizipanga pamoja utadhani ni mapacha. Fungua logbook uone ujazo wa injini: ya 1997 inasoma 2,982 na ya 2001 inasoma 2,982. Hata ukipima chuma ndani, silinda zote zina kipenyo cha milimita 96 na pistoni husafiri milimita 103. Tofauti iko kwenye herufi za jina la injini. Ya jirani ni 1KZ-TE, na ile aliyoileta ni 1KD-FTV, iliyoanza kufungwa kwenye Prado mwaka 2000. Katika mwandiko wa Toyota, T ni turbo, E ni mafuta kudhibitiwa kwa umeme, F ni aina ya hedi yenye kemshafti mbili, zile shafti zinazofungua valvu, na V, kwa injini hii, ni komoni reli, mtindo wa kupeleka dizeli nitakaoueleza sasa hivi. Hiyo V ndiyo iliyomfanya fundi apanguse mikono.

Katika 1KZ, pampu moja inayozunguka hugawa dizeli kwa zamu, silinda baada ya silinda. Nozo, kile kinachopuliza dizeli ndani ya silinda, ni chuma na springi: presha ikifika, inafunguka. Kompyuta inaizungumzia pampu tu, basi. Katika 1KD kazi ya pampu ni kujaza bomba moja nene, ndiyo hiyo reli, kwa presha inayopita baa 1,000 ukikanyaga mafuta. Halafu kila nozo hufunguliwa kwa umeme, peke yake, kwa muda ulio chini ya kupepesa jicho, na kuna kisanduku cha pembeni kinachoipandishia umeme kabla haujaifikia. Kompyuta ya 1997 haina habari na mambo hayo. Haina hata tundu la kuchomeka waya zake. Ni kumchukua nahodha wa jahazi umkabidhi feri ya Likoni: maji anayajua, lakini usukani hausomi.

Kwa hiyo anayetaka 1KD ndani ya gari la 1KZ anahamisha injini, kompyuta yake, kisanduku cha nozo, wayaringi nzima na sensa ya pedali, na kama gari lililotolewa lilikuwa na ufunguo wa chipu, ufunguo nao. Kama ni otomatiki, giaboksi nayo inangoja amri kutoka kwa kompyuta hiyo hiyo. Mimi naona ukiamua njia hii, nunua kichwa kizima kilichokatwa, kuanzia bampa hadi dashibodi, waya zikiwa hazijaguswa. Kitakugharimu zaidi siku ya kwanza. Lakini fundi wa umeme anayeunga waya mia moja kwa kubahatisha rangi atakugharimu kila siku inayofuata.

Mwaka peke yake, basi, hausemi kitu. Tazama kinyume chake. Prado ya 1995, ile ya pembe pembe, ilikuwa tayari na 1KZ-TE, injini ya jina moja na ya 1997. Je, inaingia? Inaingia, ila chini kuna shida. Ile ya zamani, KZJ78, ina ekseli ya mbele nzima, bomba moja kutoka tairi hadi tairi, inayopanda na kushuka na barabara. Ya 1997, KZJ95, difu ya mbele, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa matairi mawili, imefungwa kwenye chesisi na kila tairi linajitegemea. Sampu, lile karai la oili chini ya injini, imefinyangwa ili ikwepe mojawapo ya vitu hivyo viwili. Fundi mzoefu huitoa sampu ya ile injini iliyoharibika ya gari lako, pamoja na bomba la kunyonyea oili, akaifunga kwenye injini mpya kabla haijaning'inizwa kwenye cheni. Injini ya Hiace vivyo hivyo: 1KZ ni 1KZ, lakini maunti, yaani vishikio vya injini, na sampu ni za gari ambalo injini yake imelazwa chini ya viti.

Ndugu wa karibu kabisa wa KZJ95 hata si Prado. Ni Toyota Hilux Surf ya KZN185, iliyojengwa juu ya msingi mmoja nayo. Soma herufi hizo kwenye kibati kilicho chini ya boneti: KZ au KD ni familia ya injini, J ni ukoo wa Land Cruiser, N ni ukoo wa Hilux na Surf. Kwenye kibati hicho hicho kuna mstari ulioandikwa TRANS/AXLE, nao watu hawausomi, na ndio unaovunja magari.

Mstari huo unataja giaboksi na difu. Ndani ya difu kuna gia mbili, krauni kubwa na pinyoni ndogo, na hesabu yake ni meno ya moja kugawanya kwa meno ya nyingine: 43 kwa 11 ni 3.909, 41 kwa 10 ni 4.10, 43 kwa 10 ni 4.30. Ukifunga difu ya nyuma ya 4.30 mbele ikabaki 3.909, gari litatoka gereji bila kelele. Lakini Prado hii, kwa zile zinazoendesha matairi yote manne wakati wote, ina difu ya tatu katikati, ndani ya transfa, boksi linalopeleka nguvu mbele na nyuma, na kazi yake ni kusawazisha mbele na nyuma gari linapokata kona. Sasa itakuwa inakata kona hata kwenye barabara iliyonyooka, Mariakani hadi Voi, bila kupumzika. Ukiikaza difu hiyo ya katikati kwa lever yake ili ujinasue mchangani Nyali, kitu lazima kiteleze au kivunjike.

Kupima ni rahisi kuliko kubishana na muuzaji. Piga jeki matairi yote mawili ya nyuma, weka gia huru, chora mstari wa chaki kwenye propela, lile bomba refu linalozungusha difu, na mwingine kwenye tairi. Mtu mmoja upande huu, mwingine upande ule, wazungushe matairi pamoja mara kumi, wa tatu alale chini ahesabu propela. Ikizunguka 43, ni 4.30. Ikizunguka 39 na kidogo, ni 3.909. Kisha nenda mbele ufanye vivyo hivyo.

Kuna na jambo la maji, ambalo kwetu pwani ni kubwa kuliko wanavyolijua wa bara. Hedi ya 1KZ ni ya alumini na haipendi joto. Rejeta iliyojazwa maji ya kisima, yenye chumvi, huziba na kula alumini kidogo kidogo, halafu lawama anapewa Mjapani. Badilisha injini mara tatu ukipenda. Ukibakisha rejeta ile ile, utarudi Mazeras kwa kamba.

Na namba ya injini imeandikwa kwenye logbook. Ikibadilika, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani Kenya, waambiwe, gari likaguliwe, na kampuni ya bima nayo ijue.

Jirani hatimaye alipata 1KZ ya Surf, ikakaa siku mbili tu kwenye gereji huko Shimanzi. Chaki tulipiga mimi na kijana wake: nyuma 39 na kidogo, mbele 39 na kidogo. Ile 1KD bado iko uani chini ya mwarobaini, imefunikwa turubali, na kila Jumamosi anaipigia picha mpya kumtumia mnunuzi mwingine. Swali linalorudi ni moja: waya zake ziko wapi?