Aljebra ya Kidato cha Nne: mazoezi ni yapi, na kujaza daftari ni kupi

Kila mitihani inapokaribia tunapokea malalamiko yaleyale ya wazazi: mtoto amejaza madaftari matatu, anakesha, lakini milinganyo bado inamshinda. Ukiyafungua madaftari hayo unakuta majibu yaliyonakiliwa ubaoni, safi, yamepigiwa mstari kwa rula. Huo ni mwandiko, bado hatujafika kwenye mazoezi.

Funika majibu, kisha chukua swali hili:

3(x − 4) − 2(x − 5) = 7

Ukifungua mabano unapata 3x − 12 − 2x + 10 = 7. Kwenye hiyo +10 ndiko wengi wanakopotelea. Huandika −10 kwa sababu wameibeba 2 na kuiacha alama ya kutoa iliyo mbele yake, na x inatoka 29. Jibu ni 9. Kuhakiki, rudisha 9 kwenye swali lenyewe, si kwenye mstari wa pili ambao huenda tayari una kosa: 3 × 5 − 2 × 4 = 7. Ukirudisha 29 unapata 27. Kazi ya nusu dakika, na bado watahiniwa hawaifanyi.

Sehemu nazo: x/2 − (x − 3)/5 = 3. Zidisha kila kipande kwa KDS (kigawe kidogo cha shirika) cha 2 na 5, yaani 10, pamoja na ile 3 ya kulia inayosahaulika kila mara: 5x − 2(x − 3) = 30. Mstari wa sehemu unafanya kazi ya mabano. Asiyeyaandika hupata 5x − 2x − 6 na kuishia 12 badala ya 8.

Na tafadhali, ile kauli ya "namba ikivuka inabadili alama" iachwe. Tumeshaisema sana. Hakuna namba inayovuka popote. Kauli hiyo ndiyo inayomfanya mwanafunzi aone 3x = 12 na kuandika x = 12 − 3. Hapo 3 inazidisha, kwa hiyo gawanya pande zote mbili kwa 3, na uandike "÷3" pembeni mpaka mkono uzoee.

Ukikosea usifute. Kata kwa mstari mmoja na uandike kando aina ya kosa: alama, mabano, sehemu, au kusoma swali vibaya. Rudia swali hilohilo kwenye karatasi tupu baada ya siku 2, kisha baada ya wiki. Maswali 6 hadi 8 kwa kikao yanatosha, ila yachanganywe: milinganyo ya x na y, vigawo, fumbo moja au mawili. Anayefanya 20 ya aina moja, kufika la nne hachagui tena njia, anaiga la juu yake.

Kuhusu taratibu. Karatasi ya Hisabati ni ya saa 3 na maksi 100: sehemu A maswali 10 ya maksi 6, sehemu B maswali 4 ya maksi 10. Hiyo ni dakika 1.8 kwa maksi moja, kwa hiyo swali la sehemu A lisizidi dakika 11 na la sehemu B dakika 18. Namba ya mtihani iandikwe kila ukurasa. Wino uwe wa bluu au mweusi, penseli ni ya michoro. Hatua zote zionekane, maana jibu tupu linaweza kukukosesha maksi za njia hata likiwa sahihi. Simu haiingii chumbani, hata ikizimwa; anayebainika kufanya udanganyifu hufutiwa matokeo.

Karatasi za miaka ya nyuma zipo kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, pamoja na uchambuzi wa majibu ya watahiniwa wenye sampuli za majibu mazuri na mabovu. Anza na jibu bovu, na utafute mstari ulioharibika kabla hujasoma maelezo yaliyo chini yake.