Je, wajua alama 0.099 zilizompa Kohei Uchimura dhahabu zilitoka wapi?

Tarehe 10 Agosti 2016, jijini Rio de Janeiro, Mjapani Kohei Uchimura alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya jimnastiki, ile ya jumla ya mazoezi yote sita, kwa alama 92.365. Oleg Verniaiev wa Ukraine akamfuata na 92.266. Toa, zinabaki 0.099. Sasa ajabu yenyewe: kosa dogo kabisa katika mchezo huu hukatwa 0.1. Hiyo 0.099 ilipatikanaje?

Kila zoezi lina alama mbili zinazojumlishwa. Moja ni ya ugumu, nayo haina kikomo. Nyingine ni ya usafi wa zoezi: unaanza na 10, kisha majaji wanakukata. Ukitua ukasogeza mguu kidogo, 0.1 imekwenda, hatua kubwa, 0.3, ukianguka, alama nzima. Kule Rio, alama ya jaji aliyekuwa mkarimu kuliko wote iliwekwa kando, na ya aliyekuwa mkali kuliko wote pia. Tatu za katikati zilitafutiwa wastani.

Kugawa kwa tatu ndiko kulikozaa zile desimali zisizoisha, nazo zilikatwa tu baada ya tarakimu ya tatu, bila kukadirisha. Uchimura alikatwa hivyo mara tatu: sakafuni (15.766), kwenye pete (14.733) na kwenye meza ya kuruka (15.566). Verniaiev mara mbili, 15.033 na 15.533. Chukua kalamu uwarudishie vijisehemu vyao, utakuta tofauti ilikuwa 0.1 kamili. Kusogeza mguu mara moja, basi.

Na mguu ulisogea kweli. Kabla ya zoezi la sita na la mwisho, la kuning'inia kwenye chuma cha juu, Verniaiev aliongoza kwa 0.901, pengo kubwa mno kwa wanamichezo wa kiwango hicho. Uchimura akatangulia, akazunguka, akaruka, akatua kama aliyepigiliwa misumari: 15.800. Verniaiev alihitaji 14.900 tu, na angeshinda kwa 0.001. Akatua, akapiga hatua, akapewa 14.800.

Baadaye mwandishi wa habari alimuuliza Uchimura kama majaji wanampendelea. Aliyemtetea ni Verniaiev mwenyewe, aliyesema alama zilikuwa za haki. Mimi hapo ndipo nilipompenda Verniaiev.

Uchimura hakuibuka tu kama uyoga. Alizaliwa Kitakyushu mwaka 1989, akakulia mkoa wa Nagasaki, ambako wazazi wake, wanajimnastiki wote wawili, walikuwa na ukumbi wa mazoezi. Alianza akiwa na miaka 3. Kuanzia 2009 hadi 2016 hakushindwa na mtu katika mashindano makubwa ya mazoezi yote sita: ubingwa wa dunia mara 6, Olimpiki mara 2. Kilichomsimamisha ni kifundo cha mguu, alichoumia mwaka 2017 huko Montreal, akitua.

Katika Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, alishiriki zoezi la chuma cha juu tu, akaanguka kwenye mchujo. Miezi michache baadaye mashindano ya dunia yalifanyika Kitakyushu, mji aliozaliwa. Kwenye chuma cha juu alishika nafasi ya sita tu, lakini alipotua, miguu haikusogea.