Dawa za asili katika kisanduku cha huduma ya kwanza: maswali ya wanaotoka Mombasa kwenda Shimba Hills

Swali: Tunakwenda kutembea katika msitu wa Shimba Hills, Kwale. Ni dawa zipi za asili zinazofaa kutiwa kisandukuni?

Jibu: Ni chache. Tangulizeni bendeji, vitambaa safi, sabuni na maji, kisha tieni asali na tangawizi, ambayo ikitafunwa hutuliza kichefuchefu. Mwenye kusumbuliwa na jino achukue pia mafuta ya karafuu: tone moja huchanganywa na mafuta ya kupikia, likapakwa kwa pamba. Hayamezwi, na watoto wadogo wasipewe kabisa.

Swali: Mtu akiungua, je, mshubiri unatosha?

Jibu: Maji kwanza. Mahali palipoungua pamiminiwe maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20, na pete zivuliwe kabla ya uvimbe kuanza. Dawa ya meno, unga na mayai, ambavyo wengi wetu tumeviona vikipakwa nyumbani, huchafua kidonda na kumtaabisha daktari baadaye. Iwapo ngozi imekuwa nyekundu tu bila kuchubuka, ute wa mshubiri hupunguza maumivu. Osheni kwanza ule utomvu wa manjano ulio chini ya ganda, kwa kuwa huwasha ngozi, na ukimezwa huharisha. Asali huzuia bakteria kwa wingi wa sukari yake na kwa uchachu wake, lakini inayotumiwa hospitalini husafishwa maalumu, hivyo ya sokoni msiipake kwenye kidonda kikubwa. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asilambishwe asali kamwe.

Swali: Na mwarobaini kwa homa?

Jibu: Pwani kuna malaria, na homa hupimwa. Majani ya mwarobaini hayachukui nafasi ya kipimo wala ya dawa.

Swali: Babu yetu anasisitiza tuchukue jiwe la nyoka, lile linalobandikwa palipoumwa na nyoka ili linyonye sumu. Je, lina kazi?

Jibu: Babu aheshimiwe, ila jiwe libaki nyumbani. Aghalabu ni kipande cha mfupa uliochomwa, chenye vitundu vingi, na ndiyo maana hunata kwenye damu. Lakini sumu huwa imekwisha kuingia mwilini, na jiwe haliifikii. Madhara yake makubwa ni muda unaopotea huku watu wakilisubiri lidondoke, kwani sumu ya koboko yaweza kuzuia pumzi katika muda wa saa chache. Msichanje, msinyonye wala msifunge kamba: sumu ya kifutu huozesha nyama, na kamba huongeza uharibifu huo. Mtulizeni aliyeumwa, mvueni pete na viatu, kiungo kifungwe kwenye kijiti kisitikisike, kisha abebwe badala ya kutembea. Tiba yake ni dawa ya sindano ya kupambana na sumu ya nyoka, nayo haipatikani katika kila zahanati. Kwa hiyo, kabla ya safari, ulizeni kwa simu ni hospitali gani ya Kwale au Mombasa iliyo nayo, mkaiandike namba yake kwenye kifuniko cha kisanduku.