Uhuru wa kusema kwenye kiwanja cha mwenzako

Mhubiri aliyeondolewa na mlinzi mbele ya duka kubwa, na mkulima wa parachichi aliyetolewa kwenye kundi la WhatsApp, huja ofisini kwangu hapa Mafinga na hoja ileile: Katiba inampa kila mtu uhuru wa maoni. Ni kweli, Ibara ya 18 inasema hivyo. Lakini Ibara ya 24 inamlinda mwenye duka katika mali yake, na Ibara ya 30 inakataza haki ya mmoja kutumiwa kuingilia haki za wengine.

Baadhi ya wanasheria hulimaliza jambo hili kwa kusema kwamba Katiba inaibana Serikali peke yake. Hiyo ni hoja ya Wamarekani, ambao Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yao yanalikataza Bunge kubana uhuru wa kusema, bila kumtaja mtu binafsi. Ibara yetu ya 30(3) inamruhusu mtu kwenda Mahakama Kuu haki yake inapovunjwa “na mtu yeyote popote katika Jamhuri ya Muungano”. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mlinzi hasalimiki kwa sababu tu si mtumishi wa Serikali. Anasalimika kwa sababu barabara ya umma iko hatua chache kutoka getini, na mhubiri anaweza kuendelea hapo.

Katika mashamba ya chai ya Mufindi hali ni nyingine. Mfanyakazi anayelala kambini katika nyumba ya kampuni, akanunua sukari na sabuni ndani ya shamba na kupita barabara za kampuni kwenda kupimisha majani, akikatazwa kusema shambani amekatazwa karibu kila mahali anapofika. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Marsh dhidi ya Alabama, ilikataa kuliruhusu jimbo la Alabama kumwadhibu Shahidi wa Yehova aliyegawa vijarida barabarani katika mji wa Chickasaw, uliomilikiwa na kampuni ya kuunda meli. Miaka 30 baadaye mahakama hiyohiyo ilikataa kuieneza kanuni hiyo kwenye maduka makubwa. Sisi tuna kitu cha wazi zaidi, ingawa ni kwa vyama vya wafanyakazi tu: kifungu cha 60 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa mwakilishi wa chama haki ya kuingia eneo la mwajiri na kuzungumza na wanachama, kwa masharti ya muda na mahali yaliyo ya haki.

Admini wa kundi ninamweka pamoja na mwenye duka, kwa kuwa aliyetolewa anaweza kufungua kundi lake jioni hiyohiyo. Kampuni inayomiliki mtandao mzima, ambao mfanyabiashara wa mbao anautegemea kupata wateja, naiona karibu zaidi na Chickasaw, japokuwa mwaka 2024 majaji wengi wa mahakama ile ya Marekani waliona kwamba kuchagua machapisho ya kuonyesha nako ni kusema, yaani kampuni nayo ina uhuru huo.

Na aliyetolewa asidhani yameishia hapo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo kwa nia ya kukashifu au kupotosha umma: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, hata kama admini ameshaufuta ujumbe wenyewe.