Ncha ya kidole ikikatika, si lazima nishone

Maseremala, wauza nyama na watu wa mashine za kukatia majani ya ng'ombe wakija kwangu na ncha ya kidole iliyokatika, hudhani moja kwa moja ni chumba cha upasuaji. Baadhi yao nawarudisha nyumbani na bandeji tu, na kuna wanaoondoka wamenuna.

Kwanza natazama mfupa. Kama hauonekani na kidonda hakizidi sentimita moja ya mraba hivi, nakisafisha vizuri, nakifunika kwa bandeji isiyonata, basi. Nyama hujaa yenyewe, ngozi ya pembeni nayo hujivuta hadi ikafunga, kwa kawaida baada ya wiki kadhaa. Hiyo ni ngozi ya kidole chenyewe, yenye hisia zake. Ya kupandikizwa kutoka mkononi au pajani haifikii hapo, na kwa fundi cherehani anayepapasa sindano siku nzima tofauti hiyo si ndogo. Watoto waliobanwa na mlango ndio hupona vizuri zaidi kwa njia hii.

Mfupa ukiwa nje, mwelekeo wa mkato ndio unaoamua. Ukiwa umekwenda sawasawa, au umekula zaidi upande wa ukucha, nyama ya chini huwa imebaki ya kutosha. Naikata ngozi yake kwa umbo la V, kilele kikielekea kwenye mkunjo wa kiungo cha mwisho, huku nikiihifadhi mishipa ya damu na ya fahamu iliyo ndani, kisha naisogeza mbele ifunike mfupa. Ikishashonwa, mstari wa nyuzi unakuwa Y. Haisogei zaidi ya sentimita moja hivi. Ukiilazimisha, ukucha utaota umepinda kama ndoano, na kuunyoosha baadaye ni kazi kweli kweli.

Mkato uliokula upande wa nyama ndio unaoniumiza kichwa. Naweza kuazima ngozi ya mgongo wa kidole jirani, vidole viwili vikae vimeunganishwa wiki mbili hadi tatu. Kijana atavumilia. Mzee mwenye viungo vilivyoanza kukakamaa anaweza kuishia na ngozi nzuri juu ya kidole kisichokunjika, kwa hiyo kwake nasita. (Gumba lina njia yake, aliyoieleza daktari wa upasuaji Moberg wa Sweden mwaka 1964: ngozi yote ya mbele husogezwa pamoja na mishipa yake.)

Kuna pia kuufupisha mfupa kidogo na kufunga. Wenzangu wengine huiona ni kushindwa. Kibarua anayetaka kurudi kazini mapema mara nyingi huichagua mwenyewe, nami simbishii. Kwa njia yoyote, kidole huweza kusumbuliwa na baridi kwa miezi mingi, na hilo namwambia mtu kabla ya sindano ya ganzi.

Kipande kilichokatika msikitupe. Kisuuzeni kwa maji safi, mkifunge kwa shashi yenye unyevu, mkitie kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko ndio ukae juu ya barafu. Kidonda msikipake dawa ya meno wala mafuta ya taa, na ulizieni sindano ya pepopunda.